Wokmeni au redio kaseti ya zamani inasumbua? Soma dalili kwanza ndo ushike bisibisi

Kamwene wote. Kila nikishuka Tukuyu likizo lazima nikute mtu ananisubiri na mfuko, ndani kuna wokmeni ya tangu ujana wake au redio kaseti ya mzee, na maneno ni yaleyale kila mwaka: haiwaki, inavuta sauti, inakula tepu, inasikika sikio moja. Zamani nilikuwa nafungua tu, siku hizi nauliza maswali kwanza maana tatizo likielezwa vizuri linakuonyesha lenyewe pa kuanzia. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana alafu nashuka mpaka zile za nadra.

Ila kabla ya yote: KASETI YA THAMANI USIITUMIE KUJARIBIA MASHINE. Wengi wanaoniletea hizi mashine hawana shida na mashine, wanataka kilichomo kwenye kaseti, sijui babu anasimulia ukoo, kwaya ya usharika enzi mama yuko kwenye sauti ya kwanza, barua ya sauti ambayo kaka alituma akiwa mgodini. Mashine utapata nyingine, hiyo sauti huipati tena. Mimi nilikuwa na kaseti ya bibi, nikaipeleka pamoja na redio kwa fundi mmoja, akafunga raba ya kufungia hela badala ya mpira wenyewe na akaijaribu kwa kaseti ileile ya bibi. Ikaliwa kama mita mbili hivi. Tepu ya kaseti inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo mita mbili ni kama sekunde 42, na kwangu mimi hizo sekunde 42 ndo pale bibi anapombembeleza mdogo wangu, mpaka leo sauti inazama na kuibuka hapo. Tafuta kaseti ya kutupa, nyimbo usizozipenda, hiyo ndo ya majaribio yote.

Vifaa sio vingi. Bisibisi ndogo za nyota kama za mafundi simu, vijiti vya pamba vya masikio, kibano, tochi, na spiriti. Spiriti nzuri ni ile aisopropili ambayo mafundi simu wanasafishia bodi, kwa Mbeya ukizunguka Mwanjelwa au Kabwe kwenye spea za simu hukosi. Ya duka la dawa inaweza kufaa ila soma chupa, isiwe imechanganywa mafuta wala manukato. Mita ya kupimia umeme ukiwa nayo ni afadhali zaidi. Na piga picha kila hatua kabla hujachomoa kitu, hasa waya.

"Haiwaki kabisa, kimya"

Anza na betri, na usidharau. Wokmeni nyingi zinatumia betri mbili ndogo, kila moja volti 1.5, jumla 3. Weka mpya za duka unaloliamini, sio zile zilizoanikwa juani jana. Zile za kuchaji ni volti 1.2 kila moja kwa hiyo mbili zinakupa 2.4, wokmeni nyingine inazikubali na nyingine inawaka kivivu au haiwaki kabisa.

Bado kimya? Mulika tochi kwenye vile vibati na springi za betri. Hapa ndo nakuta kesi nyingi kuliko pengine popote, betri ilisahauliwa humo miaka ikavuja. Ukikuta unga mweupe mkavu mara nyingi ni betri za alkalaini, dondoshea siki au ndimu kidogo sana kwa kijiti cha pamba, itatoa povu, futa, pitisha pamba yenye maji kidogo, malizia na spiriti, acha ikauke. Ukikuta ute wa kahawia na kutu hizo ni zile betri za kawaida za bei ya chini, huko tumia magadi soda iliyokorogwa kwenye maji kidogo badala ya ndimu. Alafu kwangua kibati taratibu kwa msasa laini mpaka ung'ae. Usitumbukize maji, usimimine, ni pamba tu iliyoloa.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Lile tundu la kuchomekea adapta lina kibati kidogo ndani kinachokata betri ukichomeka waya. Kikipinda au kikishika kutu mashine inadhani umechomeka adapta wakati hujachomeka, betri zinakuwa kama hazipo. Ingiza na kutoa plagi ya adapta mara ishirini hivi (adapta yenyewe isiwe ukutani) na mara kadhaa nimeona mashine inafufuka hapohapo bila hata kufunguliwa.

Baada ya hapo ndo ufungue uangalie waya uliotoka kwenye springi ya hasi, maji ya betri yanapanda ndani ya waya na kuula, kwa nje unaonekana mzima ila ukiuvuta kidogo unabaki mkononi. Badilisha waya. Cheki pia swichi ndogo ya vibati viwili chini ya kitufe cha kupiga, isafishe na spiriti.

Tahadhari mbili. Usichomeke chaja ya simu, hiyo ni volti 5, wokmeni ya volti 3 unaichoma. Na kabla ya kutumia adapta yoyote angalia kile kimchoro cha duara chenye alama ya chanya na hasi pembeni ya tundu, kuna mashine ambazo katikati ni hasi na nyingine ni chanya, ukikosea ndo basi. Kwa redio kubwa inayochomekwa ukutani, kama haiwaki kwa umeme ila kwa betri inawaka, tatizo liko upande wa transfoma au waya wa ukutani. Hapo simama. Hiyo ni volti 230, mpelekee fundi umeme, na kwa mda huo tumia betri.

"Inawaka, mota inasikika, kaseti haizunguki"

Hii asilimia kubwa ni mpira. Ndani kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito la chuma, mafundi wanauita belti, na mipira ya miaka ya 80 kwa sasa ama imelegea ama imeyeyuka kabisa. Ukifungua ukakuta kitu cheusi kinanata kama lami iliyomwagika kwenye mota na gurudumu, ndo mpira wako huo. Usiushike na mikono mitupu, hautoki kwenye vidole wala kwenye nguo, na ukipakaa bodi utapata kazi ya siku nzima. Vaa glavu, ondoa kwa kibano kile kinachotoka, kinachobaki ni spiriti na pamba, pamba nyingi, mpaka pamba inatoka nyeupe. Kale kagurudumu kadogo kwenye mota kana mfereji, tumia njiti ya kibiriti iliyozungushiwa pamba, usiache hata punje maana punje moja itakuletea sauti ya kuyumba alafu utaanza kulaumu mpira mpya.

Kupata saizi: kama mpira wa zamani upo ila umelegea, usipime huo, umeshatanuka. Chukua uzi, uzungushe njia yote ambayo mpira unapita, kata, pima urefu. Mpira mpya uwe mfupi kuliko huo uzi kwa asilimia 5 mpaka 10, yaani uzi ukiwa sentimita 20 tafuta mpira wenye mzunguko wa sentimita 18 hadi 19. Ukibana sana mota inachoka na betri zinaisha haraka, ukilegea unateleza. Angalia na umbo la unene wake, nyingi ni za mraba. Pakiti za mipira mchanganyiko zinauzwa mtandaoni, ukimwagiza mtu wa Dar ni rahisi zaidi.

Najua kuna wanaokata mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na nawaelewa kabisa, mimi mwenyewe nimeshakata. Inazunguka, ndio, ila hukati unene sawa hata uwe na mkono wa fundi cherehani, na kila unene unapopita kwenye mota wimbo unapanda na kushuka. Kwa kusikiliza mahubiri inavumilika, kwa muziki hapana. Raba ya hela ndo usiguse kabisa.

Kama mpira ni mzima na bado haizunguki, zungusha gurudumu zito kwa kidole, betri zikiwa nje. Likiwa gumu ujue mafuta ya kiwandani yameganda. Safisha kile chuma chembamba na kitundu chake kwa spiriti, alafu tone MOJA la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Usipulizie WD-40 (yale mafuta ya kopo la kupulizia) humo ndani, inatapakaa mpaka kwenye mpira na rola, kile kigurudumu cha raba kinachoibana tepu, na utaanza upya.

Ukisikia tik tik tik kila mzunguko, hilo ni jino la gia ya plastiki limekatika au gia imepasuka. Walkman za Sony zile za WM-DD zinajulikana kwa ugonjwa huu, gia ya katikati inapasuka yenyewe kwa uzee. Gundi haisaidii, ni kutafuta gia mbadala, na kwa kweli hiyo kazi mpe aliyeshawahi kuifanya.

"Inakula tepu"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndo kaseti zinapokufa.

Kwanza ikishakula. Bonyeza stopu, toa betri. Usivute kaseti. Narudia, usivute. Fungua mlango taratibu, mulika uone tepu imejizungusha wapi, mara nyingi iko kwenye kile kijiti chembamba cha chuma kilicho karibu na rola ya mpira. Zungusha kijiti au gurudumu zito kinyumenyume kwa kidole, kidogokidogo, huku unaipokea tepu kwa mkono mwingine, itajifungua. Usitumie kisu wala mkasi. Ikishatoka inyooshe kwa vidole safi vikavu, alafu irudishe ndani kwa kuzungusha na biro, ile ya Bic yenye pembe sita inakaa vizuri kwenye yale meno.

Sasa kwa nini ilikula. Kazi ya kijiti na rola ni kuivuta tepu, na kazi ya ekseli ya upande wa kupokea (kile kiekseli chenye meno kinachoingia kwenye tundu la kaseti) ni kuikunja. Mpokeaji akisimama na mvutaji akaendelea kuvuta, tepu haina pa kwenda, inajazana. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu, je ile ekseli ya kupokea inazunguka kwa nguvu? Bonyeza kitufe cha kupiga bila kaseti, kwenye wokmeni nyingi inakubali, ishike ile ekseli kwa vidole viwili. Inatakiwa iteleze ukiishika ila usikie inakusukuma. Ikisimama kirahisi kama imelala, basi mpira wake mdogo umelegea au kile kigurudumu chenye raba kinachoisukuma kimekuwa kigumu na kinang'aa. Kisugue kwa spiriti, ukiweza kwaruza kidogo sana na msasa laini kirudishe mshiko. Kikiwa kimepasuka badilisha.

Sababu ya pili ni uchafu. Rola ya mpira ikishanata inaibeba tepu na kuzunguka nayo. Niliwahi kufungua moja ya mzee wa Mafinga, rola ilikuwa inang'aa kahawia kama imepakwa vanishi, kumbe ni unga wa tepu uliojikandika miaka yote, nilitumia vijiti 11 vya pamba ndo nikaona weusi wa mpira wenyewe. Na kile kijiti kilikuwa na pete ya kahawia katikati, ngumu, niliitoa kwa ukucha wa plastiki sio chuma.

Tatu, kaseti yenyewe ni nzito. Kabla ya kuilaumu mashine zungusha kaseti kwa biro pande zote mbili. Ikiwa inakwama, ipige kidogo kiganjani ubapa wake, ipeleke mbele na nyuma mara moja yote. Kaseti za dakika 120 tepu yake ni nyembamba sana, mimi kwenye mashine ya zamani siziweki kabisa.

"Sauti inavuta, inaenda polepole, au inayumba"

Betri kwanza tena, samahani lakini ndo ukweli. Alafu mpira na rola kama nilivyoeleza juu. Alafu baridi. Hii ya baridi wa Pwani hawatakuelewa, ila ukiwa Makete au Njombe mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi, mafuta ya ndani yameganda na betri imepungua nguvu, wokmeni inaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Iache ndani kwenye joto la kawaida nusu saa. Usiiweke karibu na jiko la mkaa, plastiki inapinda na mpira unalainika.

Kama mwendo hauyumbi ila ni wa polepole au wa haraka mda wote, huo unarekebishwa. Tafuta wimbo ambao unao kwenye kaseti na kwenye simu, toleo lilelile. Pima kwa saa. Kama kwenye simu ni sekunde 240 na kwenye kaseti 248, uko polepole kwa kama asilimia 3. Kwenye redio kubwa mara nyingi kuna kitundu nyuma ya mota chenye skrubu ndogo ndani, kwenye wokmeni iko kwenye bodi. Weka alama kwa kalamu ilipo sasa, zungusha kidogo mno, pima tena. Skrubu nyingine za kwenye bodi usiziguse kama hujui ni za nini.

"Sauti iko mbali, kama imefunikwa blanketi"

Hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma tepu) ni chafu, tisa kati ya kumi. Kijiti cha pamba, spiriti, sugua ule uso unaong'aa wa hedi kwa mwendo wa tepu, kushoto kulia. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, hiyo ndo tepu iliyokwanguka. Rudia mpaka itoke safi, subiri dakika tano ikauke, piga. Kwa Iringa kiangazi kile cha vumbi mimi ningefanya hivi kila baada ya masaa 20 ya kusikiliza.

Hedi safi na bado? Geuza kaseti uangalie kale kasponji chini ya tepu katikati, gundi yake ikizeeka kanadondoka na tepu haigusi hedi vizuri. Jaribu kaseti nyingine. Kama kaseti zote ziko hivo, pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi, mara nyingi imepakwa rangi, inaweka hedi wima dhidi ya tepu. Huku muziki unapiga izungushe kidogo sana, kama robo ya robo, kulia alafu kushoto, utasikia matoazi yanafunguka, simama hapo. Kumbuka iligeuzwa kiasi gani ili uweze kurudi. Na bisibisi yenye sumaku isiguse uso wa hedi.

"Sikio moja tu, au mikwaruzo"

Jaribu hedifoni nyingine. Alafu chezesha plagi, sauti ikija na kuondoka ukigusa, lehemu ya tundu imepasuka chini, ichomelee upya. Volyumu ikikwaruza izungushe mwanzo mwisho mara thelathini, isipopona pulizia dawa ya kusafishia swichi, tone tu.

Kwa redio kaseti kuna mkosaji mwingine, swichi ndefu ya kurekodi. Ikishika kutu unapata upande mmoja, mlio wa ajabu, au kimya. Bila kaseti ndani, sukuma ule mkono mdogo wa nyuma unaozuia kurekodi, alafu bonyeza na kuachia kitufe cha kurekodi mara ishirini. Nasema BILA kaseti. Na kaseti zako za thamani zivunje vile vijino viwili vya juu leo hii, kikishavunjwa mashine haiwezi kurekodi juu yake.

Kama sauti ni hafifu pande zote, kila kitu ni safi, na ukisogeza pua kwenye bodi kuna harufu ya samaki hasa ukiigusa na pasi ya kuchomelea, hizo ni kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi) zimevuja. Kwenye wokmeni nyembamba za mwisho wa miaka ya 80 na kuendelea ni ndogo kama punje ya mtama. Usijifunzie hapo, utang'oa njia za bodi. Mpe fundi simu mzuri mwenye hadubini.

"Kaseti ina unga mweupe"

Ukikuta madoa meupe kwenye ukingo wa tepu ukichungulia dirishani, ni ukungu. Rungwe na Kyela kwa ile mvua na unyevu ni kawaida sana, kaseti zikikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Usiipige. Ukungu utahamia kwenye hedi na kwenye kaseti zako nyingine, na kuuvuta puani sio kuzuri, hasa mwenye pumu. Ifunge kwenye mfuko peke yake na uitafutie mtu anayehamisha kaseti kwenda kompyuta.

Tepu iliyokatika inaungwa, ila kwa ile selotepu maalumu ya kaseti. Ya dukani gundi yake inatoka pembeni na kunatisha tabaka linalofuata, ukiitumia iwe kwa ajili ya kupiga mara moja tu huku unanakili.

Ya bibi niliipiga mara moja baada ya mpira mpya kufika, waya kutoka tundu la hedifoni kwenda tundu la kuingizia sauti la kompyuta, volyumu nusu, programu ya Audacity ikarekodi dakika zote 30 za upande A, nikanakili kwenye flashi mbili na simu ya mama. Kaseti ikarudi kwenye boksi lake, imesimama wima, kabatini mbali na spika. Redio nayo nikaitoa betri kabla ya kuiweka.